Kibati

Mnunuzi ametoka Arusha, viatu vya ncha, daftari kwapani.
Anakodisha magari kwa maharusi.
Amelizunguka Shevroleti mara mbili bila kuligusa
kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari ya jirani.

Kurunzi ya ubavuni, ipo. Anaandika.
Kofia ya kioo cha mbele, ipo, imepauka.
Sketi za magurudumu ya nyuma: moja.
(Nyingine bibi aliifanya bati la kuanikia ulezi.)
Saa ya dashibodi, ipo, imesimama saa nne kasoro robo.
"Za asubuhi au za usiku?" anatania.
Sijui. Hatukuiona ikisimama.

Kisha kidole chake kinafika katikati,
penye kibati chembamba na skrubu nne.
"Na redio?"

Nimemtolea karatasi ya kuagizia.
Imelala kwenye droo ya gari tangu hamsini na sita,
inanuka grisi na karafuu.
Upande huu vitu, upande ule bei,
katikati visanduku vya kuweka tiki.
Maana gari lenyewe lilikuja uchi, nakwambia,
injini na viti basi.
Kila kinachong'aa kiliombwa kwa jina
na kila jina lilikula magunia yake ya kahawa.

Dharamsi alimsomea baba orodha nzima, kaunta imejaa watu.
Mashine ya kunyolea ndevu humo humo garini:
baba alicheka mpaka akavua kofia.
Kiwashio cha sigara: haya, cha wageni.
Dira: hapana. Mlima unaonekana.
Hita.
"Hita, Eliakunda? Moshi hii?"

Lakini kwetu ni juu, Uru,
ambako Julai ukungu unaingia ndani bila hodi
na kulala na watu kitandani,
na mama alikuwa na kifua.

Hapa, tazama, kwenye redio,
palikuwa na tiki. Imekwanguliwa kwa wembe.
Karatasi imekonda; ielekeze juani
utaona kidole chako upande wa pili.

Basi kila Alhamisi tulishuka, tukapita mjini,
Boma Ng'ombe, Sanya Juu, mpaka Kibong'oto,
hita ikikoroma kama paka mzee,
na mama, amefungwa khanga mbili na blanketi,
ndiye aliyetangaza:
"Hii ni sauti ya kiti cha mbele.
Bei ya kahawa imeshuka.
Mwinjilisti Ndelilio amejamba katikati ya sala,
uchunguzi unaendelea."
Nyuma tulicheka mpaka tukaumwa mbavu.
Kisha kikohozi. Kisha hewani kimya.
Baba alinyoosha mkono kwenye kibati,
akazungusha kitufe kisichokuwepo,
taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni,
mpaka mama akapata pumzi akaendelea
na habari za michezo.

Angalia rangi ilivyolika hapo, kulia kidogo.

Mwaka uliofuata tulirudi bila yeye.
Karibu na Boma Ng'ombe baba aligusa kibati, mara moja,
akarudisha mkono kwenye usukani.
Hakuna aliyesema kitu hadi nyumbani.

"Bila redio," anasema mnunuzi, "nitakata laki tatu."
Kata.
"Nitaweka mpya, ya kuunganisha na simu. Maharusi wanataka muziki."
Weka. Ila nipe bisibisi.

Skrubu ya kwanza imetoka. Ya pili. Ya tatu.
Nyuma ya kibati kuna waya mmoja, ncha imefungwa utepe,
waliuweka kiwandani hata kwa wasiolipa,
ukae ungoje.
Ya nne imeota kutu, imekataa kabisa.

Nimekaa kwenye kiti cha mama, bisibisi mkononi.
Sijui kwa nini nimebonyeza hita.
Inakohoa vumbi usoni pangu, inakoroma.

Mnunuzi amefungua tena daftari.
"Hita?" anasema. "Moshi hii?"
Lakini ameiandika.