Shuka la Sinema

Shuka lilikuwa letu. Mama alilitoa sandukuni
shingo upande, lina maua ya zambarau yaliyofifia,
na Shaame akaapa kulirudisha kabla ya isha.
Isha ikapita. Jenereta ikakohoa nyuma ya ghala la karafuu,
na Marekani ikawaka juu ya kitambaa cha mama.

Tulingoja magari, majumba marefu.
Yalikuja mahindi tu, mahindi hadi ukingo wa shuka,
makavu, yakinong'onezana bila upepo,
na nyumba moja ya mbao, nyeupe kama jino,
na mtoto wa kike, rika langu,
akihesabu kwa kidole kitu tusichokiona.

Lugha hatukuijua. Faki alitufasiria, akitunga:
"Anasema babaake kaota mizizi."
"Anasema kisimani mna mtu anamwita kwa sauti ya mamaake."
Tukacheka.
Kisha tukaacha,
kwa kuwa hilo la kisima hata Kangagani lipo:
bibi alishatukataza kuitika
jina likiitwa mara moja tu.

Baba akatoka kondeni. Pale pa uso
palikuwa na maua ya zambarau.

Mtoto akaufikia mlango, akageuka,
akatutazama sisi, mmoja mmoja,
kidole kikipita: Faki, mie, Mize.
Kwa Mize kikasita.
Hapo petroli ikesha.

Shaame alilikunja shuka gizani, pembe kwa pembe,
haraka haraka, na hakuna aliyeuliza
yule mtoto katokea upande gani.

Nikalibeba begani. Lilikuwa na uzito
wa kitu kilicholala.
Karafuu zilishaanuliwa, lakini harufu yake
ilisimama uani kama mgeni asiyebisha hodi.
Tukajifunika, mie na Mize, gubigubi.
Katikati yetu palikuwa na nafasi.
Sikuipapasa.
Mahindi yakaanza.

Mwaka wa pili mama alilichana shuka
likawa mawinda ya Khatibu. Nikamshukuru Mungu.

Khatibu alichelewa kusema. Akanyweshwa kombe, wapi.
Miaka mitatu kimya, hata asubuhi moja,
uji ungali kidevuni, akanyoosha kidole
kwenye konde la mihogo, akahesabu
kwa lugha isiyo na mwenyewe nyumbani kwetu,
kisha akamgeukia mama, akasema wazi kama mtu mzima:

"Mize kenda kisimani?
Asiitike."