Zamu ya Daku

Niliichora ratiba nyumbani, kwa rula,
karatasi ya manila na kalamu za rangi mbili:
kuni, maji, jiko, bendera, lindo.
Mistari imenyooka kama reli ya Bahi.
Skauti ishirini na wanne, siku saba,
kila jina limekaa kwenye kisanduku chake.
Mwalimu wa hesabu nikajipiga kifua:
nimegawanya, na baki ni sifuri.

Hombolo, Juni. Upepo wa bwawani
unaingia hemani bila hodi.
Tungali tunapigilia vigingi
Idrisa akasimama mbele ya manila, skafu imemkaza shingo:
"Mwalimu, mwezi umeandama."
Nikatazama. Kweli, ukucha mwembamba
juu ya vilima, hauna habari na mimi.
Tisa wangefunga. Nami nimewapangia
kuchota maji saa nane mchana.
Nikafuta.

Yunisi, Msabato: "Ijumaa jua likizama
siwashi moto. Si uvivu."
Nikafuta.
Sechelela na wenzake: ibada Jumapili,
kwenda na kurudi kwa miguu, bendera haitatukuta.
Nikafuta, nikafuta, manila ikatoboka penye Jumamosi.

Chiloli hakuja kwenye ratiba.
Alinifuata nyuma ya hema.
"Mimi sina siku," akasema.
"Tukila kiapo, tukifika wajibu kwa Mungu,
huwa nashusha sauti.
Babu humwaga pombe ya uwele jiweni,
mvua hunyesha, mwaka mwingine hainyeshi.
Ndiye huyo? Au naahidi cha watu?"
Nina cheti cha hesabu. Najua mafundo kumi na manne.
Nikamwambia: mtaje kwa jina mnalomwitia nyumbani.
Sijui kama nilimjibu. Hadi leo sijui.

Usiku niliwasikia wameizunguka kandili,
ratiba yangu imelala kifudifudi katikati yao.
Mmoja akauliza kama sufuria kubwa
limewahi kuona kitimoto.
Kicheko. Kisha kimya kibaya.
Kisha Yunisi: "Basi tulisugue. Kwetu pia hakiliwi."
Mchanga ukakwaruza bati
hadi nikapitiwa na usingizi.

Saa kumi alfajiri: ti, ti, ti.
Chiloli anatembea hema kwa hema,
anagonga mfuniko kwa mwiko, taratibu,
kama anayemwamsha mgonjwa anywe dawa.
"Daku," anasema, neno geni mdomoni,
"daku jamani, uji unapoa."
Jikoni Yunisi, moshi machoni,
anakoroga uwele kwa mikono miwili.
Nikamulika manila. Upande wa nyuma, kwa mkaa,
mistari imepinda kama njia ya mbuzi:
ZAMU YA DAKU: wasiofunga.
KUNI ZA JUMAMOSI: Idrisa, Zulfa (wakate Alhamisi, jua likipoa).
LINDO: Mwalimu, siku zote.

Ijumaa ikaja pikipiki. Mjomba wake Zulfa.
Kwa mazoea nikamnyooshea mkono wa kushoto, wa kiskauti.
Akautazama kama mtu anayesoma barua mbaya.
Nikaurudisha, nikampa wa kulia. Akaupokea,
tukajuliana hali, tukaulizana mavuno,
na bado akaondoka naye.
Sikuwa na hoja ya kumzuia; nilikuwa na filimbi tu shingoni.
Zulfa aliikunja skafu pembe tatu,
akaiweka juu ya mzigo wa kuni
aliokwisha kuukata.

Moto wa Jumamosi uliwashwa kwa kuni hizo.
Jina lake hakuna aliyelifuta.
Alfajiri ile Chiloli aligonga mfuniko
hata kwenye hema dogo la mwisho, lililokuwa lake,
akasubiri kidogo,
akapita.