Naomba Ukavu

Miaka thelathini na moja nimeyabana maji ya mji huu.
Ulizeni bomba la inchi sita lililopasuka Chang'ombe
usiku wa mkesha wa Pasaka, nani alilala kifudifudi topeni
mpaka vali ikatii. Ndahani. Mimi.
Nikisikia koki inadondosha nyumba ya tatu
sipati usingizi.

Sasa nikipiga chafya, suruali inajua.

Tezi dume, daktari alisema, lote tumelitoa,
na kansa yake ndani.
Siku kumi na mbili nikatembea na mpira, na mfuko pajani
kama mtu anayeuza maji kwa magendo.
Mpira ukatoka. Nikasimama. Nikajilowesha
mbele ya Sista Mwajabu, umri wa kitindamimba wangu,
naye akatandika gazeti sakafuni:
"Mlango umelala, babu. Tutauamsha."

Bana kama unazuia upepo kanisani, alisema,
hesabu kumi, achia, bana tena.
Basi nabana kwenye foleni ya benki.
Nabana Makutupora, mkasi mkononi, nikipogoa mizabibu.
Jumapili nilibana mahubiri mazima
hata amina yangu ikatoka nyembamba.

Duka la dawa Majengo, kijana akauliza pedi ni za nani.
Za mama mkwe, nikasema.
Mama mkwe amelala Mvumi tangu mwaka ule wa njaa.
Anisamehe.

Daftari la kazini, lile la kuandika upotevu wa maji,
nimelifungulia ukurasa mpya:
Wiki ya kwanza, pedi saba kwa siku.
Wiki ya tano, nne.
Wiki ya tisa, nne.
Wiki ya kumi, sita (nilibeba ndoo, ujinga wangu).
Wiki ya kumi na sita, mbili,
na moja ilikuwa haijastahili kutupwa.

Mwezi wa kumi na moja huku kwetu shingo zote ziko juu,
Ugogo mzima unaomba mvua.
Nami kwa aibu nimepiga magoti kando ya kitanda:
Bwana, wao wape. Mimi naomba ukavu.

La pili sikuliandika daftarini.

Wahuni wana msemo, jogoo hapandi mtungi.
Wangu hapandi hata kizingiti.
Mishipa imeshtuka, daktari alisema, ipe mwaka, pengine miwili.
Akaandika vidonge. Akanionyesha na pampu ya kufyonza hewa;
nikaigeuza, nikaitazama washa yake,
nikamwambia, hii itavuja.

Peresi hageukii ukuta. Ningependa ageuke,
ingekuwa rahisi.
Mwezi wa tatu nilihamia kwenye kochi, nikasingizia godoro.
Akaja na mto wake, akalala sakafuni kando yangu,
miaka sitini na miwili, goti bovu,
akauliza gizani, "Kwani mimi niliolewa na bomba?"

Nikarudi kitandani.

Hunipaka mafuta ya alizeti mgongoni.
Kovu chini ya kitovu hulifuata kwa kidole
kama anasoma mchoro wa njia za maji.
Nami nimejua bega lake la kushoto hujikunja likiguswa hapa,
jambo ambalo mwaka themanini na nne, kwa haraka zangu,
nililipita.

Jumanne kitu kilitikisika.
Si kuamka. Kutikisika,
kama mita inavyosogeza namba maji yakiwa bado mbali
na bombani unapita upepo tu.
Tukanyamaza wote wawili, kama watu waliosikia hodi.
Halafu akacheka, nami nikacheka, cheko la tumboni kabisa,
ndipo nikakumbuka: sikubana.
Nikapeleka mkono chini. Shuka kavu.
Karibu kavu.

Nje, saa tisa ya usiku, koki ya jirani ilikuwa inadondosha.
Nikaiacha idondoshe.