Daftari la Pumzi

Nalipwa kuhesabu pumzi za mwingine.
Kilimani Puñihuil, mvua ikinipiga ubavu,
darubini jichoni,
penseli nimeichonga kwa kisu cha viazi.
Kule chini, nyangumi wa buluu na ndama wake.

Saa mbili asubuhi: pumzi sita, kisha mkia,
kisha dakika tisa za maji matupu.
Huko kilindini amefungua kinywa kama lango la ghala,
uduvi wakaingia kwa magunia.
Anarudi juu polepole,
kama mtu aliyeshiba na hadaiwi.

Saa nne zinafika mashua. Tatu.
Pumzi tatu. Dakika nne.
Pumzi mbili. Dakika tatu.
Anakata kulia, ndama nyuma yake akitweta,
anazama tena, nusu ya njia,
na uduvi wako chini zaidi ya hapo.
Nauli ametoa, sokoni hakufika.

Hakuna damu. Hakuna chusa.
Watalii wanapunga mikono, wana furaha ya kweli.
Kinachochukuliwa hakipigiki picha:
mafuta ya chini ya ngozi,
leo unene wa ukucha, kesho wa ukucha mwingine.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa;
haba na haba hukikausha vilevile.

Mwaka ule kiwanda cha samoni kilipofungwa
nilikuwa nanyonyesha Yasna.
Nilikula viazi na chai, chai na viazi.
Najua maziwa hutoka wapi chakula kikikosekana:
hutoka mgongoni, hutoka kwenye meno.
Jino hili la pembeni ni yeye aliyelinywa.

Jioni Nolberto anaingia, koti lanuka dizeli,
anaweka noti mezani, anaota moto.
"Sikumgusa, dada. Nilisimama mbali, kama sheria isemavyo.
Ni injini tu ilikuwa ikinguruma."
Ni kweli. Hajawahi kunidanganya.
Ningemjibu, lakini mkate ulikuwa kinywani mwangu,
na unga ni wa pesa zake.

Usiku nanakili karatasi zilizolowa.
Saa, pumzi, dakika, mwendo.
Safu ya mwisho huuliza: chombo gani kilikuwa karibu zaidi?
Kalamu inasita.
Mashua ya kaka yangu aliipaka rangi yeye mwenyewe,
akaipa jina la marehemu mama.

Naandika: *Clorinda*.
Mara saba, ukurasa mmoja.