Mkato

Saa tisa ya usiku. Jenereta ya hospitali inakohoa,
mvua ya Bukavu inashuka ngazi za Kadutu
ikibeba kila tulichokitupa mchana.
Niko labo, mimi na sahani yangu.

Usaha huu ni wa Cibalonza, muuza sambaza.
Juzi Daktari Murhula aliuvuta kwa sindano ndefu
kutoka kifuko kidogo kilichojificha chini ya ini,
akaandika mbiombio: nyongo, kijani-nyeusi, inanuka,
akarudi kwa wengine waliopanga foleni.

Kabla ya hapo walisema ni vidonda vya tumbo.
Wakasema malaria, kama kawaida; akameza vidonge.
Macho yakageuka manjano, mkono ukaganda kwenye mbavu za kulia,
ndipo mtaa mzima ukasema neno moja: karuho.
Nani alimpa chai? Nabintu, jirani wa meza.
Nani alikuwa anamdai? Nabintu.
Jumanne mtu akaandika kwa makaa kwenye mlango wa Nabintu.
Sikwenda kusoma. Nazijua tahajia za mtaa wangu.

Basi mambo yakatumbukia nyongo,
na mimi nikapewa nyongo yenyewe niipekue.

Nilitegemea wale tuwajuao,
wapangaji wa siku zote wa matumbo,
wanaopanda kwa mlango wa nyuma jiwe linapoziba njia.
Hawakuwepo.
Sahani imeota vitone laini, vinang'aa,
njano ya ganda la marakuja lililoiva.
Nikagusisha karatasi: zambarau, papo hapo.
Chini ya lenzi wakapita mbio,
vijiti vilivyopinda, kila kimoja na mkia wake,
mikato, mikato, ukurasa mzima wa mikato
bila neno hata moja kati yake.

Mkono wangu ukapoa.
Umbo hilo nalijua. Jina lake likitoka mlangoni
watafunga soko, watamwaga chokaa,
watachoma kibanda cha Cibalonza kwa ajili ya afya.
Lakini mgonjwa huyu hakuharisha hata siku moja!

Nikachukua seramu, tone moja. Nikatikisa kioo,
nikahesabu kwa Mashi kama bibi alivyohesabu mayai.
Hakuna aliyemshika mwenzake mkono.
Nikarudia. Hakuna.
Basi si yule wa kipindupindu. Ni binamu yake,
mtu wa ziwani, asiye na sifa,
aliyeingia na sambaza iliyoonjwa kwa ncha ya ulimi
(ni mbichi, mama, tazama, mimi mwenyewe nala),
miaka kumi na tisa ya biashara,
akapanda mfereji mwembamba dhidi ya mkondo
mpaka penye uchungu unaowafukuza wengine,
akasema: hapa ni kwetu.

Kwake nyongo ni uji.

Nimeandika jina lake refu, la Kilatini, herufi kwa herufi.
Chini yake, ingawa fomu haina nafasi, nimeongeza:
Si sumu. Si kipindupindu. Chai ya Nabintu haina kosa.
Daktari Murhula atacheka, au atafuta.

Alfajiri wamekikata kifuko, wamekitia kwenye ndoo.
Cibalonza ameomba maji, kisha akauliza bei ya sambaza.
Ila nyongo ya mtaa sina sahani ya kuiotesha,
na makaa yakishaingia kwenye mbao, sabuni huyasambaza tu.
Nasikia Nabintu amehamisha meza yake,
anauza juu kule, penye upepo, peke yake.

Kabla ya kukitia kioo dawa natazama mara moja tena.
Wa mwisho bado anatembea pembezoni mwa tone,
mkaidi, amepinda.
Mwalimu wetu wa Bagira alikuwa akigonga ubao kwa rula:
penye mkato, vuta pumzi,
halafu endelea