Kidonge cha Bizari

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Khoudh.
Kiyoyozi kinakohoa, jua lishapanda ukuta wa jirani,
na mimi, Nasri bin Muhenna, mstaafu wa idara ya maji,
nimepiga magoti jikoni mbele ya paka.

Si paka wangu. Ni wa mama.
Alimwita Bizari kwa rangi ya mgongo wake,
akamlea kwa Kiswahili kitupu miaka kumi na mitatu.
Mwambie "ta'al", anakutazama kama mdai wake;
mwambie "haya njoo, mwanangu", mkia unasimama.
Wajukuu siku hizi hawageuki kwa hilo.

Daktari wa Mawaleh, binti wa Kisudani mwenye vidole virefu,
alimpima damu, akasema ni tezi ya shingo.
Kidonge asubuhi, kidonge jioni,
usikikate, usikiponde, utando wake una kazi.
"Maisha yote, ammi, si wiki mbili."
Maisha ya nani, nilitaka kuuliza.

Siku ya kwanza nilikificha ndani ya jodari.
Akala jodari. Kidonge akakiacha katikati ya sahani,
kisafi, kama mgeni mwenye adabu aachavyo mfupa.
Siku ya pili nilimfunga kwa kanga ya mama;
kanga nyepesi, kucha zikapita kwenye jina lake
zikaniandikia mkononi herufi kwa herufi.
Siku ya tatu nilimlaza mapajani kama mtoto,
nikasikia sauti ya marehemu kutoka ukumbini:
"Paka hakubali kulala chali. Wewe hujui?"

Usiku Thuraya akapiga simu toka Ibra.
"Mpe robo ya panadoli, maskini, apumzike."
Alisema kwa huruma. Mkono wangu ulishafika kwenye droo
ambamo dawa za mama bado zimejipanga kwa siku.
Sijui kwa nini nilimpigia daktari kwanza.
"Panadoli kwa paka ni kaburi, ammi. Hata robo."
Asubuhi nikazibeba dawa zote kwenye mfuko,
nikazirudisha kwa mfamasia.
Nikabakiza miwani.

Sasa najua. Taulo nene, la kuogea,
kichwa tu nje.
Glavu. Kidole gumba na cha kati kwenye pembe za taya,
kichwa juu kidogo, kidogo tu, si kutazama dari,
na taya la chini hushuka lenyewe
ukilingoja.
Kidonge nyuma kabisa, pale ulimi unapopanda kilima.
Funga. Papasa koo kwenda chini, chini.
Kisha maji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano,
pembeni mwa shavu, tone, ameze, tone,
kidonge kisikwame njiani kikamchoma.
Maji ya friji, si ya mfereji:
Agosti hapa mfereji unatoa chai.
Akianza kuhema mdomo wazi, namwachia.
Na jioni ikinipita, sizidishi viwili kulipa deni.

Vidole hivi havikujifunzia kwa paka.
Mwaka wake wa mwisho mama alifumba midomo,
nami nilikuwa nachelewa kazini, gari linanguruma nje.
Nilimbana pua. Mara moja tu.
Akameza. Akanitazama muda mrefu,
kisha akaniambia kwa Kiarabu,
lugha aliyowawekea watu wa nje, wa benki, wa hospitali:
"Shukran."

Bizari amelamba pua. Ndiyo alama, kimeshuka.
Namfungua taulo, upande mmoja, halafu wa pili.
Hakimbii. Anajinyoosha, anapita juu ya wizari yangu
kama mwenye nyumba.
Jodari anampata sasa, baada, bila hila ndani yake.

"Ahsante," namwambia.
Hajibu. Anakula.