Mbili na Tisa

Kutaisi, baridi ile umeme ulipotukimbia,
kila mwanafunzi alikuja na ukuni mmoja kwapani.
Bomba la jiko lilitokea dirishani,
pale palipokuwa na kioo.
Mwalimu Tsiuri aliandika kwa glavu zilizokatwa ncha,
vidole vikichungulia
kama watu wasio na hakika kwamba wamealikwa.

Ubaoni: kipeuo cha pili cha x kujumlisha saba
ni sawa na x kutoa tano.
"Kipeuo ni paa," alisema. "Tuliezue.
Kila upande ujizidishe wenyewe."
Kipeo, kipeuo: herufi moja tu baina yao,
na mtu aweza kupotelea ndani ya herufi hiyo.

Malkhazi, mwepesi kuliko sote,
alipanga, akahamisha, akachambua,
akaruka kutoka kwenye benchi:
"Mbili! Au tisa! Majibu mawili!"
Akakaa, akashusha kofia masikioni,
amemaliza.

"Warudishe walikotoka," akasema Mwalimu.
"Si mstari wa tatu, huko kila mtu ni mwema.
Mstari wa kwanza. Kabla hatujaezua."

Tisa kujumlisha saba, kumi na sita; kipeuo chake nne.
Tisa kutoa tano, nne.
Tisa akakaribishwa, akaketi.
Mbili kujumlisha saba, tisa; kipeuo chake tatu.
Mbili kutoa tano

chaki ikasita

hasi tatu.
Tatu upande huu, hasi tatu upande ule,
wanatazamana kama mtu na sura yake kisimani.

"Lakini sikukosea popote!"
"Hukukosea. Ukijizidisha, alama hufutika.
Tatu na hasi tatu, wote huzaa tisa,
na ukimtazama mtoto huwezi kumjua mzazi.
Mlango tuliufungua sisi, Malkhazi.
Mbili hana kosa.
Mkate."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunajua.

Vuli ile hospitali ya Zugdidi ilimwandikia:
yupo kijana asiyekumbuka jina lake,
miaka ishirini na mitatu, macho ya kijivu,
kovu gotini, damu ya kundi lile lile.
Kila kitu kilimlingana Jumberi,
aliyekwenda vitani pwani na asirudi hata barua.
Jirani Eteri alikwisha chinja bata mzinga.
Ukoo mzima ulisimama uani ukilia kwa furaha,
na Mwalimu akashuka naye kwenye lori la magunia,
akamwacha atangulie kupanda ngazi.

Kidato cha nne kilikuwa kibovu
tangu Jumberi ana miaka sita.
Mguu wake ulikiruka gizani,
ulikiruka akiwa na homa, ulikiruka amelewa.
Kijana yule alikikanyaga.
Kikalia.

Eteri anasema Mwalimu alisimama chini pale
muda wa kumenya yai.
Kisha akapanda, naye akakikanyaga kile kile
kwa makusudi, kwa uzito wake wote,
akaingia, akafunga mlango,
wote wawili wakiwa ndani.
Akashika kisu. Akamkatia mkate.

Hakumwita mwanangu. Hakumwita kwa jina lolote.
Mgeni siku mbili, husema watu;
siku ya tatu hakuna aliyempa chochote,
shoka alilitafuta mwenyewe.
Nyingi ya kuni tulizobeba makwapani
tukidai zimetoka kwetu
alizipasua yeye, akizirundika ukutani mwa shule
kabla hakujapambazuka.

Sasa napima mabehewa ya madini huko Chiatura.
Nikijumlisha, narudi mstari wa kwanza;
wenzangu huniona mzito.
Mlinganyo uliofuata siku ile siukumbuki.
Nakumbuka alivyomkata mbili:
mstari mmoja, mwembamba, wa chaki iliyolala,
na chini yake
tarakimu ile bado ilisomeka.